Toroli Lililotiwa Grisi

Skogdal, Wisconsin
Jumanne, 4 Juni 1957

Selmer mume wangu,

Arvid ameniambia mlifika Madison salama, na kwamba njia nzima ulikuwa ukimbishia anavyoendesha gari. Ndugu yako huyo hakuchelewa kulalamika. Nikajua basi kwamba Jumapili koo lako lilikuwa bado linafanya kazi.

Daktari amepiga simu leo mchana. Anasema umeshapasuliwa, umeamka, na uvimbe wote umetoka. Nimemshukuru Mungu palepale nikiwa na unga mikononi, na simu sasa ina alama za vidole vyangu. Ningekuja kukuona kesho asubuhi, lakini nani ataniambia ng'ombe ishirini na wawili wanaweza kungoja siku mbili bila kukamuliwa? Unajua mwenyewe. Tangu tuoane hatujawahi kulala nje ya shamba hili usiku mmoja pamoja.

Ng'ombe wazima. Tunawakamua mimi na Arvid, naye anakuja akishamaliza wake. Bolette kanipiga teke mara moja, nadhani ilikuwa salamu. Jioni wanaingia vizuri bila shida. Ukisikia kutoka kwa mtu kwamba sketi yangu ilionekana kwenye kamba katikati ya wiki, na buti moja juani, ni mambo ya kufua tu.

Sasa habari ya kukufurahisha. Lile toroli la chakula cha ng'ombe, ambalo umeniahidi tangu wakati wa vita kwamba utalitia grisi, nimelitia mwenyewe. Jumapili ileile, vumbi la gari la Arvid halijatua. Miaka kumi na tatu nimelisikia likilia kutoka ghalani, uani kote, mpaka mlangoni pa zizi, na mke wa mchungaji aliwahi kuniuliza kama siku hizi tunachinja nguruwe kila jioni. Nimelipaka nusu kopo. Sasa halitoi hata mnong'ono. Ukirudi utanishukuru.

Kula wanachokupa. Usiwafundishe kazi.

Mkeo,
Alvina

*

Madison
Jumamosi, 8 Juni

Alvina,

Barua yako imefika, na imenukia zizi. Nimeiweka chini ya mto.

Sauti bado. Ni uvimbe wa jeraha, mambo ya koo huchukua muda wake. Wamenipa daftari na penseli, kila nikitaka kitu naandika, hata maji. Kitanda cha pili yuko mzee Floyd, dereva wa treni mstaafu aliyekatwa kipande cha tumbo, naye anaongea kwa niaba yetu sote wawili. Jana amemweleza daktari maoni yangu kuhusu siasa, na hakukosea sana.

Sasa niambie. Nani anawaita ng'ombe jioni? Wewe sauti yako ni ya kuitia paka. Arvid naye akiita utadhani anasoma matangazo ya kanisani. Mimi nikisimama mlangoni pa zizi nikasema “Ko-boos!” mara moja, Bolette anakuwa ameshainua kichwa kule mtoni na wote wanamfuata. Jirani yetu Tollefson hana saa shambani, anakwenda kukamua akinisikia mimi. Baba alikuwa na sauti hiyo, na babu kabla yake huko Norway, na kitu kama hicho hakiuzwi dukani. Kwa hiyo nashangaa unaposema wanaingia bila shida. Nashangaa zaidi kuhusu hiyo sketi.

Svarta akamuliwe mwisho. Pansy, chuchu ya nyuma kushoto, imalizie kwa mkono, mashine haiitoi yote. Dolly lazima asimame nafasi yake ya tatu kutoka mlangoni, ukimweka kwingine atazuia maziwa mpaka Krismasi.

Kuhusu toroli, asante. Nilikuwa nimepanga kulitia mwaka huu.

Selmer

*

Skogdal
Jumanne, 11 Juni

Selmer,

Mwaka huu! Ungelitia grisi siku ya mazishi yangu, ili wasisumbuke waliobeba jeneza.

Wanakuja, nimeshakuambia wanakuja. Nawaita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita watu mezani, nao wanapanda mmojammoja. Pengine miaka yote hii ulikuwa unapiga kelele bure. Usijisumbue na mambo ya jioni. Lala upone.

Dolly yuko nafasi yake ya tatu. Pansy namalizia kwa mkono. Yule mtamba mwenye baka jeupe amezaa Alhamisi, ndama jike, nimemfundisha kunywa kwenye ndoo na amenipaka maziwa mpaka kwenye nyusi. Nikimaliza kuosha mashine na kuzamisha keni za maziwa kwenye maji baridi, nafika jikoni nimechoka kuliko nilivyotegemea, maana kuna kutembea kwingi. Viazi navyo vinanishinda siku hizi. Ama naviweka mapema vinakuwa uji, ama nasahau vinaungua. Arvid anakula bila kusema kitu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Akina mama wa kanisa wamekuombea. Mama Tollefson aliomba kwa muda mrefu, mpaka kahawa ikapoa.

Sauti ikitoka, neno la kwanza liwe jina langu, si la Bolette.

Alvina

*

Skogdal
Alhamisi, 13 Juni

Ndugu yangu Selmer,

Salamu katika Bwana. Shemeji yangu Alvina ni mwanamke mwema na ni mwongo.

Ng'ombe hawaji. Tangu uondoke hawajaja hata jioni moja. Majani ya mtoni mwaka huu ni mazuri mno, hawana haraka na mtu. Saa kumi Alvina anateremka na mbwa na fimbo, anavuka maji, anawapandisha, na wawili watatu wakifika nusu ya njia wanageuka. Wiki iliyopita aliacha buti kwenye matope. Tunaanza kukamua saa kumi na mbili na nusu badala ya saa kumi na moja, na ng'ombe wanaochelewa kukamuliwa unajua mwenyewe wanavyofanya. Maziwa yanapungua kila siku.

Mimi nimewaita. Wewe unaicheka sauti yangu lakini nimeimba besi kanisani miaka thelathini. Waliinua vichwa, wakanitazama, wakahamia ua wa Tollefson. Jumatatu Alvina alivaa koti lako na kofia yako, akasimama mlangoni akaita kwa sauti nzito. Sikucheka mbele yake.

Wanaitaka sauti yako, Selmer, na kwa sasa haipo. Mimi nina ng'ombe wangu, na mwezi ujao ni wa kukata majani. Siwezi kuja kila jioni. Fikiria mnada. Kiwanda cha jibini kinatafuta watu wazima wenye akili, na mtu hapaswi kuona aibu kupumzika akiwa na miaka hamsini na mmoja. Nasema haya kwa sababu nakupenda, jambo ambalo sikumbuki kama nimewahi kukuambia.

Nduguyo,
Arvid Brekke

*

Madison
Jumamosi, 15 Juni

Alvina,

Arvid ameniandikia. Kuhusu sketi sijakasirika.

Nimefikiri usiku kucha. Uza ng'ombe. Mwambie Nygaard, yule dalali wa mnada, aje Jumamosi ya tarehe 29. Wote, na mashine, na keni. Shamba libaki, tutalima mahindi, nami nitafanya kazi ya jibini chini ya paa safi kama watu wengine. Nimechoka kuamka saa kumi alfajiri. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine.

Bolette asiende kwa Tollefson, anapiga ng'ombe wake. Dolly aende kwa mtu atakayeambiwa habari ya nafasi ya tatu. Liandikwe kwenye karatasi.

Siku ya mnada naomba usitoke nje. Kaa ndani na mama Tollefson mnywe kahawa.

Usiniulize chochote.

Selmer

*

Skogdal
Jumanne, 18 Juni

Selmer Brekke,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Umechoka kuamka? Wewe, uliyeondoka kwenye karamu ya harusi yetu na suti mwilini kwenda kumtazama ng'ombe anayezaa, ukarudi na kamasi za ndama kwenye mkono wa koti na kucheza dansi na mama yangu? Tafuta uongo mwingine. Huo haukufai.

Lakini na mimi nimedanganya, basi tuko sawa. Arvid kasema kweli. Nilikuficha kwa sababu mgonjwa hapaswi kulala anawaza ng'ombe walioko mtoni. Hawajaja. Jumamosi jioni, kabla ya safari yako, ulisukuma toroli, ukasimama mlangoni, ukaita, wakaja wote kama kawaida. Jumapili jioni nikasukuma toroli mimi, nikasimama mlangoni palepale, nikaita, na hakuna hata sikio lililotikisika. Ni ng'ombe walewale, zizi lilelile, chakula kilekile ndani ya toroli. Kilichopungua ni wewe. Nimeita mpaka nimekohoa. Nimevaa kofia yako. Nimesimama pale nikiwa na mavazi ya mwanamume na sauti ya dubu, na Arvid amejigeuza ukutani mabega yanamtetemeka, halafu anasema hakucheka.

Nygaard nimempigia. Tarehe 29 inamfaa. Anataka majina yote na umri ili achape matangazo, ayapate kabla ya Jumatano ijayo. Nimekaa mezani nikaandika kumi na moja, nikafika kwa Pansy nikashindwa. Karatasi iko chini ya chupa ya chumvi.

Nitayamalizia ukiniambia kwa nini. Si habari ya kuamka. Nakupenda kiasi cha kuwauza kama lazima, lakini siuzi kwa kudanganywa.

Alvina

*

Madison
Ijumaa, 21 Juni

Alvina wangu,

Keti kwanza. Kama una keni mkononi iweke chini.

Nianze na lililo baya ili tulimalize. Sauti hairudi. Hakuna uvimbe wa jeraha, nilitunga. Daktari alikata kisanduku chote cha sauti, na sasa napumua kwa tundu lililo shingoni, chini kidogo ya kola. Floyd anasema nikirudia kuvuta kiko nitatoa moshi kama injini yake ya zamani. Daktari alinionya kabla kwamba huenda ikawa hivyo, nami nikapanda gari la Arvid bila kukuambia. Nilimbishia njia nzima kwa sababu nilitaka kuitumia sauti iliyobaki. Ningekuwa na akili ningeitumia kwako.

Ndiyo maana nikaandika uza. Barua ya Arvid iliponifikia nilijiona nimesimama mlangoni pa zizi, nafungua mdomo, hakitoki kitu, nao wako mtoni wanakula tu. Nililia. Mtu asiye na sauti akilia hata sista wa zamu hajui, na kwa hilo nilishukuru.

Sasa la pili, na hapa ushike vizuri kiti.

Barua yako ya Jumanne imefika jana mchana. Nikaisoma pale uliposema ng'ombe walewale, zizi lilelile, chakula kilekile. Nikaiweka kifuani nikabaki nimelala na hasira. Hapa chakula cha jioni kinaletwa saa kumi na moja na toroli. Gurudumu lake moja la mbele linalia. Linaanza kulia mwisho kabisa wa ukumbi, vyumba vitano kabla ya chetu. Basi nilikuwa nawatazama wenzangu bila sababu. Tuko wanaume tisa. Hakuna aliyesema kitu. Gurudumu likalia mara ya kwanza, Floyd akainua kichwa. Akafuata mzee Kessler wa dirishani. Kabla toroli halijafika chumba cha pili, wote wameshakaa, shingo zimegeukia mlangoni, na mmoja anatafuna na mdomo hauna kitu. Nikajikuta na mimi nimekaa! Wala sikuwa na njaa.

Nikacheka. Ninapocheka tundu linapiga mluzi, sista akaja mbio akidhani nakufa.

Tazama sasa, Alvina. Jumamosi toroli lililia, wakaja. Jumapili mchana wewe ukalitia grisi nusu kopo. Jumapili jioni hawakuja. Mimi kila jioni nasukuma toroli kwanza, natoka ghalani, navuka ua, linalia mpaka kwa Tollefson. Ndipo nasimama mlangoni, navuta pumzi, naita. Miaka kumi na tatu nimekuwa nikiwaita ng'ombe ambao wameshaanza safari!

Na watu wakanisifu. Na mimi nikakubali.

Fanya hivi. Ondoa grisi yote. Tumia mafuta ya taa, na kama haitoki tumia mchanga, litese lile gurudumu bila huruma. Kisha saa kumi na moja kamili jaza toroli, lisukume kutoka ghalani mpaka zizini, ukagawe chakula kama siku zote. Usiite. Hata neno moja. Na Arvid asiimbe.

Wakija, mpigie Nygaard umwambie hakuna mnada, maana toroli naweza kusukuma mimi, mikono yangu hawakuikata. Wasipokuja, malizia majina kuanzia Pansy.

Niandikie siku hiyohiyo. Hapa silali.

Selmer

*

Skogdal
Jumatatu, 24 Juni

Selmer,

Wamekuja.

Naandika kwanza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Wamekuja wote, ishirini na watatu pamoja na yule mtamba aliyezaa, hata Svarta anayejifanya malkia.

Barua yako ililetwa saa nne asubuhi. Nikaisoma kwenye sanduku la barua, barabarani, na mtu wa posta akanisubiri akidhani ni msiba. Nikachomoa gurudumu, nikalimwagia mafuta ya taa, nikalisugua kwa mswaki wako wa zamani, halafu kwa mchanga wa mtoni, halafu kwa maji ya moto tunayooshea mashine. Arvid akanikuta nimekaa kwenye majani uani, gurudumu limenilalia miguuni, mikono myeusi mpaka viwiko. Akasema, “Shemeji, unafanya nini?” Nikamwambia, “Naliharibu.” Akavua kofia akaishika kifuani. Alidhani umekufa na mimi nimerukwa na akili.

Saa kumi na moja nikajaza toroli. Nikasukuma. Kimya. Hatua kumi, kimya! Nikasema basi, nimeliua, nusu kopo ya grisi imetuuzia ng'ombe. Nilipofika pale kwenye jiwe ambapo ua unapanda, likatoa kisauti kama cha panya. Nikarudi nyuma, nikapita tena kwenye jiwe. Likalia kidogo zaidi. Nikapita mara ya tatu, nikalibamiza, na Selmer, likafunguka. Nimelichukia gurudumu lile miaka kumi na tatu, na leo lilipoanza kupiga kelele nilitaka kulibusu.

Sikuita. Nilijiuma mdomo. Arvid alifungua wake, nikamwonyesha koleo.

Nikatazama mtoni. Bolette kichwa kilikuwa juu. Kisha Pansy. Kisha vichwa vyote, kama hao wagonjwa wako, na Bolette akaanza kutembea, wengine wakajipanga nyuma yake, wakapanda njia nzima bila mbwa, bila fimbo, matumbo yanayumba. Dolly akaenda moja kwa moja nafasi yake ya tatu. Kabla saa kumi na mbili haijafika tulikuwa tumekwisha kamua nusu. Arvid alikaa kwenye gunia akasema, “Na mimi nimekuwa nikiimba besi.” Nikaketi kando yake nikalia kwa sauti mpaka paka wakakimbia. Nilikuwa na machozi ya wiki tatu, na sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Nygaard nimempigia. Nilisema kwa nguvu kwamba hakuna mnada, ili wote walioshika simu zao wasikie na nisirudie. Na hapo ndipo ninapokuja kwenye uongo wangu wa pili.

Nilijua. Tangu siku ile ya kwanza. Daktari alipopiga hakuniambia tu kwamba umeamka. Aliniambia na sauti. Na unajua laini yetu, nyumba nane na waya mmoja. Alipomaliza nikasikia watu wanapumua. Nikasema, “Atakayemwandikia Selmer neno hili kabla hajaniambia mwenyewe, krimu yangu haionji tena maishani.” Halafu mama Tollefson akasema, “Sawa, Alvina,” na ndipo wakaweka simu chini, mmoja baada ya mwingine. Hata Arvid alikuwepo. Kwa hiyo majirani wote walikuwa wakijua, na tulikuwa tukikungoja wewe. Sikutaka kukunyang'anya na hilo pia, la kuniambia mwenyewe.

Sasa lingine, kisha nikalale. Umeandika kwamba miaka yote hiyo ulikuwa ukiita bure. Si kweli. Ng'ombe walilifuata gurudumu, sawa. Lakini mimi sikuwahi kutazama saa jioni. Ulipoita “Ko-boos!” mimi niliweka viazi motoni. Ukimaliza kukamua, viko tayari. Ndiyo maana sasa vinaungua. Mtu uliyekuwa ukimwita alikuwa jikoni, Selmer, na alikuwa akikuitikia kila siku, ila wewe ulikuwa unatazama upande wa mtoni.

Nitaikosa ile sauti. Nakuambia wazi ili usinisikie nikisema sijali. Nitaikosa sana. Lakini nilidhani nitakukosa wewe, na hilo halikutokea, basi naweza kuivumilia hiyo nyingine.

Karatasi ya majina nimewashia jiko.

Alvina

*

Madison
Alhamisi, 27 Juni

Alvina,

Barua yako nimempa Floyd aisome kwa sauti, wodi nzima isikie. Kwenye koleo wamepiga makofi. Alipofika kwenye viazi akanyamaza, akanirudishia, akasema hiyo sehemu ni ya kwangu. Ana adabu kuliko anavyoonekana.

Kwa hiyo nyote mlijua. Nyumba nane! Na mimi hapa natunga uvimbe. Mwambie mama Tollefson amenidanganya na nimemsamehe.

Daktari ananiruhusu Jumanne. Arvid aje asubuhi, nami naahidi sitambishia njiani, jambo ambalo litamtisha. Tukiondoka kabla ya saa sita nitawahi jioni. Toroli usiliguse. Nataka kulisukuma mwenyewe, polepole, nipite kwenye lile jiwe, na nisimame mlangoni niwaone wanavyokuja bila mimi kujisifu.

Kisha kuna wewe. Tangu jana nawaza habari ya viazi, maana ng'ombe wana gurudumu lao lakini wewe huna kitu. Sitaki uwekewe kengele. Kengele ni ya shule. Nimefikiri hivi: nikiwa nimesimama mlangoni pale ninapoita, keni ya kwanza huwa iko kando yangu, bado haina maziwa. Nitachukua kifuniko chake nikigonge kwa pete ya ndoa. Mara mbili. Nimejaribu hapa kwenye chombo cha sista, kinasikika vizuri, na sasa wamekificha nisikipate.

Mara mbili, Alvina. Hiyo ndiyo sauti yangu sasa. Ukisikia, weka viazi.

Mumeo,
Selmer

Grisi iliyobaki kwenye kopo mpe Arvid. Mwambie ni ya koo.

*

Kwa chaki, kwenye ubao wa chumba cha maziwa
Jumanne, 2 Julai, jioni

Selmer,

Nimekuja mpaka mlangoni nikakukuta umekaa kando ya Pansy, paji la uso limemlalia ubavuni, nikaona nisikukatize. Ndama wameshapewa maziwa. Svarta yuko mwisho, anakungoja.

Tulikubaliana ugonge mara mbili. Nimehesabu kumi na moja. Mama Tollefson amepiga simu kuuliza kuna nini, nikamwambia ni mume wangu ananiita. Amesema na yeye ameshaweka viazi vyake.

Vyangu vimeiva, na leo havikuungua. Funga zizi, njoo ndani.

A.